Mkono wa Bi Sute

Bi Sute alikuwa mjane, mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, wa kitongoji chetu cha Kuwabara, kilichokaa mlimani katikati ya miji miwili. Orihata ulikuwa na kiwanda cha hariri, taa za barabarani, na muuguzi aliyezunguka majumbani kupima watoto wachanga. Tsuruo ulikuwa na miti na matope. Mwaka ule serikali ilitaka vitongoji viunganishwe na miji, nasi tukaambiwa tuchague.

Mkuu wetu, Mzee Genbei, alikuwa ameahidiwa kiti katika baraza la Tsuruo. Alituita hekaluni akasema matajiri wa Orihata watatudharau, afadhali tuwe kichwa cha kuku kuliko mkia wa ng'ombe. Kwetu mtu huinua mkono akishaona wenzake wameinua, basi mikono yote ikaenda Tsuruo. Bi Sute peke yake aliinua wa Orihata.

"Mkia wa ng'ombe angalau unafukuza nzi," alisema. "Hicho kichwa cha kuku, Mzee Genbei, kazi yake nini?"

Watu waliinamia mikeka. Tulijua kwamba binti yake alifia uzazini, akingoja daktari ambaye Tsuruo haukuwa naye.

Akatengwa. Aliyetengwa kwetu hasalimiwi, hanunuliwi kitu, hasaidiwi kazi, isipokuwa kwenye moto na msiba. Hayo mawili hakuna anayemnyima mwenzake. Tofu zake akawa anazishusha Orihata kuuza, lakini wakati wa kupanda mpunga ulikuwa umefika, na kupanda ni kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Mikono ya mjane mmoja haitoshi. Miche yake ilirefuka kitaluni, ikaanza kugeuka manjano. Akikosa mavuno yale, ingembidi auze shamba, na mwenye uwezo wa kulinunua alikuwa Genbei tu.

Nilipopita na mwanangu mgongoni, Bi Sute hakuniita. Alimchekea mtoto, maana mtoto hajui nani katengwa. Nilimwomba mama mkwe wangu, Bi Kane, ruhusa nikamsaidie. Akaniambia tutatengwa nyumba nzima, na huyo mtoto atanyonya upepo.

Kisha mama yake Genbei akafa. Chakula cha msiba hakitiwi samaki wala nyama. Bila tofu hakuna cha kuwapa watu. Genbei akaenda mwenyewe mlangoni kwa Bi Sute kuomba. Bi Sute alimwambia msiba ni msiba, akaingia kuloweka soya.

Jikoni kwa Genbei tulikuwa tumebanana, wanawake wote. Bi Kane alikuwa akikata tofu, hakuinua macho.

"Miche yako vipi, Sute?"

"Inazeeka kunishinda mimi."

Tukacheka ndani ya mikono ya nguo zetu. Bi Kane akamgeukia Bi Tsune, mke wa Genbei, akamuuliza msiba unaisha lini. Siku ya saba, akajibiwa.

"Basi mpaka siku ya saba Sute ni mwenzetu," alisema Bi Kane. "Na nani kasema kwenye msiba lazima watu washinde jikoni?"

Asubuhi baada ya maziko tuliingia shambani kwa Bi Sute, suruali zimekunjwa magotini. Genbei alikuja mbio, akasimama kwenye tuta. Akauliza huu ni msiba gani. Mkewe alikuwa kwenye matope, miche mkononi.

"Mama hajafikisha siku saba, baba watoto. Ukitaka tutoke, tangaza kwamba msiba wake umeisha."

Mtoto gani atatangaza hivyo? Akageuka, akarudi nyumbani. Tulimaliza jua likiwa bado juu.

Siku ya nane hakuna aliyemsalimu Bi Sute. Mpunga wake uliiva pamoja na wetu. Kuwabara ikaingia Tsuruo, Genbei akapata kiti chake, na muuguzi wa Orihata akawa anaishia mpakani. Aliyetaka mtoto wake apimwe ilibidi ashuke mwenyewe, akaombe kwa hisani.

Nilikuwa nikishuka alfajiri. Mara nyingi Bi Sute alikuwa mbele yangu na ndoo zake za tofu. Hatukusemezana, jicho la kitongoji ni refu. Lakini penye utelezi alikuwa akipunguza mwendo, mpaka asikie nyayo zangu zimepita salama.