Reflekta Juu ya Mkeka wa Msiba

Lesieli ana sauti ya kuongoza kwaya na mkono wa kusimamisha malori, na kwa kuwa kwaya hailipi, yuko barabarani. Kila siku isipokuwa Jumapili, siku ambayo Tonga nzima hufungwa kama duka, husimama mwanzo wa matengenezo ya barabara ya Hahake na kibao chake mkononi: upande mwekundu, simama, upande wa kijani, haya, pita. Matipa yanatoka machimboni yamejaa mawe ya matumbawe, yanarudi kinyumenyume, yanamwaga, yanaondoka. Vumbi la mawe yale ni jeupe, na ikifika jioni kikosi chetu kizima tunafanana na mikate iliyonyunyiziwa unga.

Ameshawahi kumsimamisha askofu. Ameshawahi kusimamisha gari la harusi, bibi harusi akitapika dirishani. Siku moja alimsimamisha mume wake pamoja na yule aliyekuwa naye garini, akawaacha juani mpaka wote wawili wakaungama. Mume hana tena. Kibao anacho.

Mradi ulipozinduliwa yalikuja maboksi ya reflekta mpya, zile fulana za rangi ya machungwa inayopiga kelele, zenye mistari ya kung'aa kifuani na mgongoni. Waheshimiwa walizivaa kwa ajili ya picha, wakatuhutubia kuhusu usalama, wakaondoka nazo. Mmoja wao, tunasikia, huivaa akilisha nguruwe wake, na ni kweli kwamba hajawahi kugongwa na nguruwe hata mmoja. Sisi tuligawana zilizobaki. Lesieli aliangukia yenye zipu mbovu, akaishonea vifungo vya gauni la kanisani.

Basi, shangazi yake akafa.

Shangazi si mtu wa kuchezewa hapa. Akija kwako akakipenda kitanda chako, utalala chini na utamshukuru. Na akifa, watoto wa kaka yake ndio wanaokuwa watu wa chini kabisa msibani. Wanavaa nguo nyeusi, na juu yake wanajifunga ta'ovala, mkeka wa kiunoni, ila si ule mzuri wa Jumapili. Wao hupewa mkeka mkubwa, mkuukuu, uliochanika pembe, unaomfunika mtu kutoka magotini mpaka karibu na masikio. Wanakaa jikoni wakifunga majani ya jimbi na kuchoma nguruwe, wasionekane. Huko mbele, kichwani pa maiti, anakaa fahu, mwenye cheo kikubwa kuliko wote, ambaye akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana mnafukia shimo mlilokwisha kulichimba.

Fahu wa msiba huu alikuwa Vaimoana, binamu yake Lesieli, binti wa shangazi mkubwa aliyekufa miaka ya nyuma. Vaimoana anaishi Auckland. Kilio chake kilianza pale uwanja wa ndege, kikapumzika kidogo masanduku yake yalipokuwa yanakaguliwa, kisha kikaendelea mpaka nyumbani. Alikaa kichwani pa marehemu, akapokea mikeka ya thamani, vitambaa na nguruwe mkubwa kuliko wote, akatoa amri: siku kumi, watoto wa kaka wa marehemu wasivue mkeka, na rangi ya kung'aa isionekane miilini mwao.

"Dada, na kazini je?" Lesieli aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Kazini kwenu msiba haufiki?"

"Unafika. Tatizo malori nayo yanafika."

"Malori yataona una msiba, yatakuheshimu."

Upande wa pili alikuwepo Kelepi, nyapara wetu, mwenye amri yake moja tu maishani: bila reflekta hakuna kazi. Na Lesieli ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo alifanya kile ambacho kila mtu wa kisiwa hiki angefanya, maana hapa tunajua kuwatii wakubwa wawili wanaopingana bila kumuudhi hata mmoja. Alivaa reflekta, kisha akajifunga mkeka juu yake.

Kelepi aliinua pembe ya mkeka, akachungulia.

"Ipo?"

"Ipo."

"Haya, kazi njema."

Kelepi anaijua sheria kama mlevi anavyoijua Biblia: ana uhakika ipo ndani ya nyumba.

Ajali ilitaka kutokea alasiri, jua likiwa limeshuka upande wa Nuku'alofa na kuwapiga madereva machoni. Tipa la Sosaia lilikuwa limemaliza kumwaga. Koni moja ilikuwa imeanguka, Lesieli akaenda kuisimamisha, na vumbi likamfunika. Sosaia akarudisha tipa nyuma. Kona ya bodi ilinasa mkeka, ikamzungusha Lesieli kama uzi unaotoka kwenye kibiringo, ikamtupa kwenye kokoto. Tulipiga kelele sote. Tairi lilisimama juu ya pembe ya mkeka, mahali ambapo mguu wake ulikuwa umetoka muda ule ule.

Sosaia alishuka. Ni mwanaume mzito kama jokofu, na alikuwa analia kabla hajafika chini.

"Nilikuona!" alisema. "Yaani, niliona. Niliona kitu cha kahawia. Nikajua ni mkeka umeanguka kutoka kwenye gari la watu wa msiba."

"Ukaamua kuukanyaga?"

"Dada Lesieli, mkeka hauumii!"

"Na aliyemo ndani?"

"Nitajuaje kuna mtu ndani? Kule juu nilipo, kwa hilo jua na hili vumbi, mtu asiyeng'aa ni kama jiwe, ni kama kisiki. Sasa si una reflekta? Kelepi kasema unayo."

"Ninayo. Imetulia zake huko ndani, haina shida na mtu."

Akainuka, goti likitoka damu. Akajifungua mkeka hapo hapo, akavua reflekta, akajifunga mkeka upya, kisha akaivaa reflekta juu yake. Vifungo vya kanisani havikufika, akavishikanisha kwa kamba ya katani. Alifanana na kifurushi cha posta chenye hasira. Ila tipa lililofuata lilianza kupunguza mwendo likiwa bado kule kwenye minazi ya mbali, na dereva alipofika alisema hakuona mtu, aliona moto.

"Ndugu zako watasemaje?" Kelepi alinong'ona, kana kwamba ndugu wenyewe wamejificha ndani ya koni.

"Waje waseme hapa barabarani. Nitawasimamisha."

Hawakuja, lakini habari ilifika kwao kabla ya vumbi kutua. Siku ya kumi ukoo ulikusanyika kuvuliwa msiba. Vaimoana aliketi mbele, miwani nyeusi pana kama sahani, akiwavua mikeka watoto wa kaka wa marehemu mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Lesieli ilipofika, mkono wa fahu ulibaki pajani.

"Wewe umemcheka marehemu," Vaimoana alisema. "Umeuvisha msiba wake rangi ya ngoma."

"Dada, shangazi ananiona popote nilipo, hata nikiingia kwenye pipa. Asiyeniona ni Sosaia."

"Sosaia ni nani?"

"Anaendesha tipa."

"Kwa hiyo heshima ya marehemu unaipima kwa macho ya dereva?"

"Naipima kwa matairi yake."

Wazee wa kike waliguna. Mmoja alimwambia, "Mwanangu, omba radhi yaishe." Lesieli alikuwa ameketi sakafuni, mahali pa watu wa chini, goti limefungwa kitambaa, na hakuinua sauti.

"Niombe radhi kwa kosa gani? La kutokufa? Dada, ningekufa siku ile, nani angekaa kichwani pangu? Si wewe? Mikeka ungechukua wewe, nguruwe mkubwa ungechukua wewe, ungepanda ndege na masanduku mengine. Mimi nimekupunguzia mapato, hilo nakubali. Kwa hilo ndiyo, samahani."

Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka, kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi, akakohoa mpaka akatolewa nje.

Vaimoana alivua miwani. Hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumjibu. "Vizuri," alisema. "Wote nimewavua. Wewe baki nao. Mpaka nitakaposema mimi, na nitauvua mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

"Sawa, dada. Utaukuta. Na reflekta utaikuta juu yake."

Vaimoana akarudi Auckland. Lesieli akarudi barabarani akiwa na mkeka chini, reflekta juu.

Ndugu walidhani atachoka. Mvua zilipokuja, mkeka ulilowa ukawa mzito kama ndama, na ulipokauka ulinuka kama ndama mwingine. Walimfuata na mashauri: apeleke nguruwe, apeleke mkeka mzuri, apige simu alie kidogo tu, hata kilio cha uongo kitapokelewa. Wakamwambia basi angalau aivue hiyo reflekta, fahu atasikia, moyo utalainika. Wengine walimwambia aache kazi. Kwenye duka la Mchina walimsogelea kwa upole, kama mtu anavyomsogelea farasi.

"Mkeka nimeukataa?" aliwauliza. "Nimeuvaa kuliko nyinyi wote. Nyinyi mlimlilia shangazi siku kumi, mimi bado namlilia. Ila nitamlilia nikiwa naonekana."

Mchungaji alihubiri dhidi ya rangi ya machungwa. Hakuitaja kwa jina, alizunguka kwa kupitia Babeli, lakini macho yake yaliishia kwenye benchi la Lesieli. Kesho yake fundi wa umeme aliyefiwa na shangazi alipanda nguzo na reflekta juu ya mkeka. Wafagiaji wa bandarini nao wakafanya vile. Kelepi, ambaye hajawahi kuwa wa kwanza kwa lolote, alianza kuinua mikeka ya watu na kusema, "Ya juu, ya juu, nani kakwambia ya chini?" kana kwamba aligundua yeye.

Kisha kaburi la shangazi likawa tayari kupambwa kwa mchanga mweupe na kokoto nyeusi, na wazee wakasema haliwezi kupambwa wakati mtoto mmoja wa kaka bado yuko ndani ya mkeka. Vaimoana alipigiwa simu. Alikuja. Alituma gari barabarani: Lesieli aje nyumbani avuliwe.

"Mwambieni niko kazini," Lesieli alisema. "Alisema atauvua yeye mwenyewe. Mimi huyu hapa."

Gari likaenda, likarudi na Vaimoana ndani. Alishuka amevaa nyeusi kutoka shingoni mpaka kwenye viatu, akaelekea kwenye koni. Kelepi akamzuia. Nawaambia, Kelepi, mtu anayeiomba samahani milango akiigonga, alisimama mbele ya fahu amenyoosha reflekta kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka.

"Mama, bila hii huingii."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua vizuri sana, mama. Madereva ndio hawakujui."

Tipa la Sosaia lilikuwa linarudi nyuma, likilia ile honi yake ya kinyumenyume. Vaimoana aliliangalia muda mrefu. Aliangalia matairi. Kisha akachukua reflekta akaivaa. Haikufunga mbele, ila mistari iling'aa. Kikosi kizima tuligundua ghafla kwamba kokoto zinahitaji kuangaliwa kwa makini sana.

Alimfikia Lesieli, akanyoosha mkono. "Geuka nikufungue."

"Hapa sivui, dada. Ili mkeka utoke lazima hii itoke kwanza, na hii haitoki ndani ya koni. Subiri saa ya chakula."

"Mimi nisubiri?"

"Pale pembeni. Si hapo. Nyuma zaidi. Dada, nyuma, gari linakuja!"

Vaimoana akaruka nyuma. Akasubiri, jua la mchana kichwani, vumbi likimtua kwenye miwani, na madereva waliopita walimpungia mkono na kumuuliza kama njia ya kwenda Mu'a imefunguliwa. Mara ya kwanza aliwageuzia mgongo. Baadaye alianza kuwaambia wapunguze mwendo.

Saa ya chakula Lesieli alitoka nje ya koni, akafungua kamba, akavua reflekta, akainua mikono. Vaimoana alifungua mkeka taratibu, na muda ule, wote wawili walilia kweli, maana shangazi alikuwa mtu wao wote. Hawakuombana radhi.

"Leo unakuja kaburini?" Vaimoana aliuliza, akikunja mkeka.

"Nikitoka kazini."

"Nitakusubiri."

Lesieli alikuwa ameshavaa reflekta yake, vifungo vyote sasa vikifika. Alirudi mahali pake, akashika kibao, na gari la Vaimoana lilipowasha injini kutaka kuondoka, aligeuza upande mwekundu mpaka Sosaia alipomaliza kumwaga.