Viota nilivyoviandika kwenye ripoti ya kijiji, Singida, enzi za Ujamaa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na nitayaeleza yalivyokuwa, hata pale yanaponiaibisha.

Huwa nasoma humu mnavyobishana kuhusu vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa upande wa waliochora ramani.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu na digrii ya jiografia, mtu wa Lushoto. Nikapangiwa Singida. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya eneo moja jirani na Issuna: ardhi, watu, uongozi, uchumi. Mwishoni nipendekeze kijiji kijengwe wapi, kisha malori yaje kuhamisha kaya zilizotawanyika.

Mnijue kidogo. Mimi jambo moja nalifikiria mara kumi. Nikimwamkia mtu mzima akachelewa kuitikia marahaba, siku nzima najiuliza nimekosea wapi.

Nilifikia kwa Mama Njiku, mjane wa Kinyaturu. Tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lilikuwa katikati ya shamba lake, zizi hapo hapo, na kila mwaka alisomba samadi kupeleka kwenye mtama. Kila kaya iliishi hivyo.

Mimi nikaandika: "Kaya ziko mbalimbali, jambo linalokwamisha huduma." Sentensi hiyo niliipenda sana.

Nikachagua mbugani. Tambarare, udongo mweusi, barabara karibu. Ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka pasuka.

Kwenye matawi ya migunga, usawa wa kifua changu, kulikuwa na mafungu ya nyasi kavu. Nikaandika: "Ndege ni wengi, nao hujenga viota chini."

Tukaita mkutano. Nikasoma mapendekezo, nikauliza kama kuna swali.

Mzee mmoja akasema, "Serikali imeshasema." Wakapiga makofi. Ripoti ikapelekwa mjini.

Siku chache baadaye nilikuwa namsaidia Mama Njiku kusomba samadi. Ili kupitisha muda nikamuuliza, "Mama, ni ndege gani wale wanaojenga chini vile kule mbugani?"

"Ndege?"

"Zile nyasi kwenye migunga."

Akatua kikapu, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikakatika.

"Mwanangu, zile nyasi zimewekwa na maji." Akainuka, akanigusa kifuani. "Mvua ikiwa nzuri, yanafika hapa."

Nikatua kikapu changu. "Sasa mbona hamkusema mkutanoni?"

"Uliuliza kama tuna swali. Hatukuwa na swali. Maji tunajua yanapopita. Tukadhani na ninyi mnajua, mmesoma."

Wakuu, malori yalikuwa yanakuja wiki inayofuata.

Nikaanza kuwaza. Nikisema, nitaitwa mpinga maendeleo, kazi iishe kabla haijaanza. Nikinyamaza, watoto watalala kwenye vibanda vipya na maji yatawakuta humo. Huenda mama anatia chumvi. Huenda mvua mwaka huu isiwe nyingi. Barua ya kwenda mjini niliandika mara nne, nikachana mara nne.

Mwishowe nikakata tawi moja la mgunga na nyasi zake, nikalifunga nyuma ya baiskeli, nikaenda Singida Mjini. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Katibu aliyepokea ripoti yangu alilitazama lile tawi mezani pake.

"Ndugu, umeniletea kiota?"

"Hata mimi nilidhani ni kiota, ndugu katibu."

Nikamweleza.

"Kwa hiyo unataka nikamwambie mkubwa kwamba kijiji kimehama kabla watu hawajahamia?"

Nikasema tu, "Yanafika hapa," nikaweka mkono kifuani.

Akalizungusha lile tawi. Akachomoa unyasi mmoja, ukatoka na tope kavu. Akausugua kwa kidole muda mrefu. Kisha akanisukumia karatasi.

"Andika kwamba umekosea. Wewe, si ofisi. Saini. Itakaa kwenye faili lako."

Nikaandika. Karatasi hiyo ilinifuata kila nilipohamishiwa, na kila nilipocheleweshewa cheo nilijua inasomwa.

Mahali pa kijiji pakahamishiwa mwinukoni, kwenye mawe. Malori yakaja, watu wakahamishwa.

Mvua zikanyesha, mbuga ikageuka ziwa. Nilisimama mwinukoni na Mama Njiku, tunaiona migunga imezama hadi matawini. Nikawa nasubiri aseme neno. Ndivyo nilivyo, nasubiri kuambiwa nimefanya vizuri.

Akasema, "Umetutoa kwenye maji, mwanangu." Halafu akanyoosha mkono ng'ambo ya maji, lilipokuwa tembe lake, sasa halina paa. "Samadi yangu yote iko kule."

Mtama wake wa mwaka ule, kwenye shamba jipya lisilo na samadi, uliishia magotini. Niliupima mwenyewe.

Somo langu ni dogo. Nilirekebisha kosa nililoliona, nikadhani ndilo pekee. Lile la pili nilikuwa nalibeba kichwani, kikapu kwa kikapu, na sikuuliza kwa nini mama anahangaika nalo hivyo. Siku hizi nikifika kwa watu siulizi kama wana swali. Nauliza maji yanapita wapi, na nini hawawezi kukiacha.

Kama wazazi wenu walihamishwa, waulizeni waliacha nini, mje mniandikie hapa chini. Hata wa kunilaumu karibuni, nitasoma yote. Mnanijua sasa, nitayasoma mara kumi.