Mihogo Juu ya Kebo ya Mzee Pazi

Siku yangu ya kwanza kazini Kibaha, Fundi Mkuu wa kampuni iliyoniajiri alinikabidhi sururu. Mimi nilikuwa na cheti cha ufundi umeme kwenye bahasha na bisibisi mpya mfukoni.

"Shikamoo, Mkuu. Mimi nimesomea umeme."

"Marahaba, binti. Huo umeme uliousomea utapita wapi? Chimba."

Nikachimba. Ninyi mafundi wa leo, mtu akitaka umeme wa banda mnaning'iniza waya sambamba na kamba ya nguo, mnapiga picha, mnaondoka. Sisi tulipita chini. Mtaro ulipaswa kufika gotini, na nilipouliza goti la nani, Fundi Mkuu akasema lake. Jamani, yule baba alikuwa mrefu! Unamwaga mchanga laini, unalaza kebo yenye ganda la nyuzi za chuma, unamwaga mchanga tena, unapanga matofali mstari mzima, ndipo unafukia.

"Matofali ya nini, Mkuu?"

"Ndiyo yatakayozungumza na mwenye jembe, wewe ukiwa kwako unakunywa chai."

Miaka ikaenda, nikapandishwa kuwa kiongozi wa kikosi na kuhamishiwa Kisarawe. Huko Kibuta tulivuta umeme kwa Mzee Pazi, mkulima, kutoka nyumbani kwake hadi banda la vifaranga. Zikiwa zimebaki hatua kumi, matofali yakaisha na mvua ikafunga. Nikajiambia, nani atachimba hapa? Nikafukia. Kwenye fomu nikaandika "kamili" kwa mwandiko mzuri kabisa. Mkaguzi akapima ethi, ule waya unaopeleka hitilafu ardhini, akasaini na kwenda zake.

Mwaka uliofuata Mzee Pazi akaagiza taa ya pili bandani. Kufika pale, nikatua mkoba wa vifaa. Mstari mmoja wa mihogo ulikuwa umenyooka kutoka ukutani hadi bandani, umestawi kuliko shamba lote!

"Mzee wangu, nani kapanda hapa?"

"Mimi. Udongo mmeulainisha wenyewe, niuache?"

Mkewe, Bi Tatu, alikuwa anavuna, ameanzia upande wa nyumba. Jembe likagonga tofali, ko!

"Mafundi gani hawa, wametufukia vifusi!"

Ko! Akasogea. Ko! Akasogea tena, mpaka kwenye shina ambalo chini yake, nilijua mimi peke yangu, hapakuwa na tofali.

"Bi Tatu, simama!"

"Nikisimama, utavuna wewe?"

Nikakimbia. Niliingia nyumba ya watu bila hodi, na viatu vya matope juu ya mkeka, nikashusha swichi kubwa ukutani. Nikatoka nje mbio. Jembe lilikuwa limezama mpaka kwenye kebo, ganda limechanika. Bi Tatu alikuwa amesimama, mkono kiunoni.

"Nani kazima redio yangu?"

Nililia, sikuficha. Nikamwambia, "Bibi, hapa sikuweka tofali. Kidogo tu ningekuua."

Alinitazama, akatazama ile kebo, akakaa chini. Kisha akasukuma jembe kwangu kwa mguu.

"Basi, mwanangu, maliza safu."

Fundi Mkuu, niliyemwita kutoka Kibaha, alipofika na kebo mpya alinikuta nina tenga la mihogo kichwani.

"Kumbe cheti chako kina na kilimo?"

Lakini baada ya hapo hakutania tena. Tulipolaza kebo upya aliinama na goti lake refu, akagusa tofali moja baada ya jingine hadi bandani. Toka siku ile sijawahi kuandika "kamili" kabla ya kufanya vilevile. Mafundi wangu walinicheka, wakaniita Mama Matofali. Niliona sawa tu.

Sasa nimestaafu, naishi Sofu, Kibaha, na kuku wangu. Kebo ya banda niliilaza mwenyewe, mgongo ukilalamika. Kabla sijanawa mikono, mume wangu alikuwa amesimama kwenye mtaro na pingili za muhogo.

"Mama Salma, udongo huu umelainika."

"Panda tu, baba."

Juzi kaanza kuvuna. Nilikuwa jikoni nikasikia, ko!

"Nani kajaza matofali huku?"

"Mimi," nikamjibu. "Piga tena nisikie."