Mkaja wa Mama

Kwetu, upande wa Rutamba, mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini yake iishe, na muda huo wote hufungwa mkaja, kile kitambaa kizito cha kiunoni. Wengine hulifunga tumbo ili lirudi. Mama yangu alinifunga chini kabisa, kwenye nyonga, akavuta mpaka machozi yakanitoka.

"Kelele za nini?" alikuwa akiniuliza. "Mifupa imefunguka kupitisha mtu, unadhani itajifunga yenyewe?"

Mkaja huo ndio aliofungwa yeye aliponizaa. Ulikuwa umefuliwa mpaka rangi yake ya kwanza haijulikani tena.

Mwanangu wa kwanza alitoka kwa shida. Tangu siku ile mfupa wa mbele wa nyonga ulinikata kila nilipojigeuza kitandani, na magoti yakawa kama ya kuazima. Mama alinifundisha kubana magoti na kugeuka mwili mzima kwa pamoja, kuvaa nikiwa nimekaa, kutombeba mtoto ubavu mmoja. Nilikasirika sana. Mimi niliyezoea kulima kutwa, leo nifundishwe kugeuka!

Arobaini haijaisha, lori likaja. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, nasi tuliokaa mbalimbali kwenye mikorosho yetu tulitakiwa kuhamia kando ya barabara. Mama alimfuata kijana aliyesimamia safari.

"Baba, huyu mzazi. Hajatoka ndani."

"Shikamoo, mama," kijana alisema kwa adabu. "Lori halirudi tena huku."

Nikapandishwa juu ya magunia ya muhogo, mtoto kifuani. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo lilinipasua upya. Tulipofika nilishindwa kushuka, wakanishusha kwa mkeka. Tangu hapo mguu haukutaka kuutangulia mwenzake. Nilitambaa kwenda chooni, na niliogopa, nasema kweli, kwamba mtoto wangu atajifunza kutembea kabla yangu.

Mkaja ulikuwa umebaki kule tulikotoka. Mama aliuanika kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, na katika zile purukushani akausahau. Nikamwambia anifunge kanga yoyote.

"Kanga ni kanga," akasema. Kwa imani yake, mkaja ulioanza kumfunga mzazi haubadilishwi njiani. Ukibadilishwa, nyonga hubaki wazi maisha. Kesho yake asubuhi akarudi kuufuata kwa miguu. Nilimtazama akienda, akichechemea kidogo kama siku zote. Nilishauzoea mwendo huo tangu utoto wangu.

Hakurudi siku ile, wala iliyofuata. Mume wangu na mjomba walimkuta ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu iliyokwisha kuezuliwa paa, mgongo ukutani, roho imeshatoka. Walimleta kwa kitanda cha kamba. Kaburi lake lilikuwa la kwanza katika kijiji kipya, kabla hata hatujamaliza kusimamisha nguzo za nyumba.

Shangazi, dada wa baba, alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alipotoka, alinikabidhi mkaja.

"Tumemkuta ameufunga," akaniambia.

"Kajifunga juu ya nguo, asiuangushe njiani?"

"Hapana. Ndani. Chini kwenye nyonga, kama mzazi."

Nikamuuliza kwa nini. Alinitazama kwa mshangao.

"Kwani hukujua? Mama yako hakupona tangu alipokuzaa wewe. Kule kuchechemea ulidhani nini?"

Nilimwomba anifunge palepale, kabla hata haujafuliwa, na alipoukaza nikalia kwa sauti mpaka wanawake waliokuwa msibani wakaja kunishika.

Nilitembea tena masika yalipokwisha. Mkunga wa zahanati, kijiji kilipopata zahanati, alinisifu kwa kubana magoti, akaniambia niendelee. Lakini maumivu hayakuhama kabisa. Wakati wa kipupwe hurudi nyongani na magotini. Na kwa miaka mingi, nilipokwenda kisimani alfajiri, nilisikia mguu mzito ukiburutwa nyuma yangu. Nikisimama, nao unasimama. Sikugeuka hata siku moja. Niliamini ni mama amefuata mkaja wake, na niliogopa kwamba ataudai nami bado nauhitaji.

Binti yangu, yule wa kwenye lori, sasa amekuwa mkubwa na ana mimba yake ya kwanza. Juzi nilikuta ameshawasha moto kabla sijamwamsha.

"Nilikusikia ukija, mama," akasema. "Nakujua kwa mguu wako huo mmoja mzito. Uliumia wapi?"

Mkaja ulikuwa umekunjwa sandukuni, hatua chache kutoka aliposimama.

"Sikuumia," nikamjibu. "Ndio mwendo wangu tu."