Samaki wa Upande wa Bibi Harusi

Katika bonde letu mtu hupimwa kwa suruali. Sisemi suruali ya kanisani. Nasema ile ya mpira inayofika kifuani, ambayo mwanamume huivaa Novemba na kuivua Aprili, na ambayo ukimwuliza bei yake mbele ya mkewe ataanza kukueleza habari za mvua. Mwenye suruali mpya husalimiwa kwanza pale mgahawani. Mwenye viraka husalimiwa baadaye, mtu akikumbuka. Shangazi yangu Verna Hautala hakuwa na suruali hiyo kabisa, kwa hiyo kwa hesabu za Mto Kettner alikuwa bado hajazaliwa, ingawa alikuwa anakaribia miaka sitini.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule. Mumewe, marehemu Eino, alipasua mierezi katika kiwanda cha vigae vya mbao, na aliogopa maji kuliko alivyoogopa msumeno. Nyumba yao ilikula viazi, nyama ya kulungu na samaki wa kopo, na haikumwomba mtu radhi.

Mambo yaliharibika binti yao Annika alipochumbiwa na Tanner Grubb. Kwetu upande wa bibi harusi ndio huleta samaki wa karamu, na si samaki yeyote, ni stilhedi: yule samaki wa jamii ya trauti anayetoka mtoni akiwa mdogo kama kidole, akaenda kula baharini, kisha akarudi majira ya baridi akiwa na urefu wa mkono wa mtu mzima na hasira za kutosha watu wawili. Lazima avuliwe na mtu wa nyumba hiyo. Kumnunua ni aibu. Kuletewa na upande wa bwana harusi ni aibu kubwa zaidi, kwa sababu watu watasema mpaka wajukuu wazaliwe kwamba msichana alikwenda kwa wakwe na njaa ya kwao.

Na baba yake Tanner alikuwa Rex Grubb. Rex ni mwongoza wavuvi, yaani watu wa mjini humlipa awaonyeshe mahali pa kulowa. Siku ya chakula cha uchumba aliweka uma chini, akapangusa ndevu, akatangaza kwa ukarimu uliosikika hadi meza ya tatu kwamba samaki wa harusi wasitutie wasiwasi, jokofu lake limejaa.

"Upande wenu hamna mvuvi, mkwe," alimwambia shangazi. "Nitaleta mimi. Nani atajua?"

"Watajua wote," alisema shangazi, "maana utawaambia wewe. Samaki atatoka upande wangu."

Annika alimtazama mama yake kama mtu anayeona basi likirudi nyuma mlimani bila dereva. Harusi ilikuwa mwisho wa Februari. Ilikuwa tayari Januari.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka shangazi kwenye duka la zana za uvuvi, na Rex akatukuta humo. Hakutukuta kwa bahati, aliliona gari letu. Akajitolea kusaidia. Alimwonyesha suruali ya kifuani yenye tabaka nyingi kuliko keki ya harusi yenyewe, viatu vya kukanyagia mawe vyenye misumari, na koti lisilopitisha maji ambalo, alieleza, halifanyi kazi bila koti jingine la ndani, ambalo nalo halifanyi kazi bila fulana ya aina yake. Alimwonyesha miwani ya kuona chini ya maji, na fimbo ya kutembelea mtoni. Kisha fimbo ya kuvulia yenyewe, nyepesi kama unyoya, na rili ya kukunjia mshipi iliyokuwa iking'aa ndani ya kabati la kioo lenye kufuli.

Shangazi alishika kila kitu kwa adabu, akakirudisha. Halafu akaliendea pipa lililo karibu na mlango.

Pipa hilo ni la fimbo za marehemu. Wajane huzileta na kuziuza kwa bei ile ile ambayo waume zao waliwaambia walinunulia, na hivyo uwongo wa miaka mingi huishia kuwa nafuu ya mtu mwingine. Shangazi alitoa fimbo ndefu ya rangi ya kahawia, akaitikisa, akaiona haikulegea kwenye maungio. Ilikuwa imefungwa rili yake tayari. Mshipi uliokuwamo aliuvuta kwa vidole, ukakatika.

"Uzi mkuukuu ni uzi mkuukuu," alisema, kama mwanamke aliyeshona nguo za watoto maisha yake yote, akanunua mshipi mpya. Hicho ndicho kitu pekee kipya kilichomgharimu pesa za maana. Akaongeza kopo la ndoano, maboya machache ya bei rahisi, na chubwi za kuzamishia. Chambo hakununua. Alisema nyumbani ana mkufu wa shanga uliokatika, shanga za ukubwa wa yai la samaki ambalo stilhedi halikatai, na rangi ya kucha ya waridi aliyopewa na Annika asiyoipenda.

Rex aliangalia miguu yake. "Na majini utaingia na nini?"

"Mabuti ya mpira ya Eino. Na soksi tatu za sufu."

"Yanafika wapi hayo?"

"Chini ya goti."

"Basi mto utauona, mkwe," alisema Rex, "ila hamtasalimiana."

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri kulipa walicheka wakitazama kahawa zao. Nadhani hapo ndipo shangazi alipoamua kuninyima kila Jumamosi yangu ya majira yale.

Nilikuwa nikikaa juu ya jiwe na kitabu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, naye akisimama ukingoni. Wanaume walikuwa wakiingia. Huo ndio ustaarabu wa pale: ukiwa umelipia suruali inayofika kifuani, maji ya gotini ni matusi. Walipita ukingoni kwa kishindo, wakasonga hadi katikati, wakasimama kwa safu kama mashemasi, maji yakiwapapasa mbavu, kisha wakarusha maboya yao ng'ambo kabisa, karibu na ukingo wa pili. Ng'ambo nako kulikuwa na wanaume waliosimama katikati hivyo hivyo, wakirusha kwetu.

Shangazi hakuweza kurusha mbali. Boya lake lilianguka hatua chache mbele ya mabuti, likateremka taratibu kwa mwendo wa bibi anayekwenda posta. Mengine yalinasa kwenye matawi, na kufikia Februari mti mmoja wa alda ulikuwa umepambwa kuliko mti wa Krismasi wa mjini. Wanaume walimpa jina: Mama Kidimbwi. Walimwuliza kama amepata chura. Yeye aliwauliza watoto wao hawajambo, akiwataja majina, na akataja pia nani bado analia mlangoni mwa basi. Utani ulipungua kidogo.

Samaki hakupatikana. Rex alipita nyumbani jioni moja kuuliza, kwa upole wote, wageni ni wangapi, ili ajue atoe samaki wangapi wayeyuke barafu. Shangazi alimpa kahawa, akamwuliza sukari vijiko vingapi. Annika alimfuata mama yake jikoni, akamsihi aache. Alisema aibu ya kuletewa samaki itapita, lakini mama wa bibi harusi akifa maji haitapita. Shangazi alimwambia hawezi kufa maji katika kina cha beseni.

Jumamosi ya mwisho kabla ya harusi, mvua ilikuwa imekatika, na mto ulikuwa ukishuka, una rangi ya kijani ya chupa. Rex alifika na wateja wawili kutoka Seattle, suruali zao zingali na mikunjo ya boksi. Akawapitisha mbele ya shangazi, pale pale boya lake lilipokuwa, chap chap chap, mawe yakigongana.

"Bwana Rex," alisema shangazi, "mbona unakanyaga ninapovua?"

"Hapo unapovua hapana samaki, mkwe. Ni maji ya goti."

Shangazi alivuta mshipi, akatoa sandwichi ya siagi ya karanga mfukoni, akaila yote. Maji yalitulia. Akarusha boya pale pale, na shanga ya rangi ya kucha ikapita juu ya mawe yaliyokuwa yamekanyagwa muda mfupi uliopita. Boya likazama.

Ndipo nilipoelewa, na nadhani watu kadhaa majini walielewa wakati huo huo, nyuso zao zikibadilika: samaki anayepanda mto hapendi kupigana na mkondo wa katikati. Hupita kando, kwenye maji mapole. Wale wanaume miaka yote walikuwa wakitembea juu ya samaki ili wakasimame mahali pasipo na samaki.

Samaki aliruka mara moja, akakimbilia chini. Rex alipaza sauti za kufundisha: inua, legeza, usivute, vuta. Wateja wake hawakuweza kutoka haraka kwa uzito wa waliyoyavaa. Shangazi, aliyekuwa nchi kavu, alitembea tu ukingoni akimfuata samaki kama anayefuata mtoto aliyesusa, mpaka samaki akachoka, naye akamlaza kwenye maji ya kifundoni.

Alikuwa mkubwa na mzuri mno. Na kipezi kidogo cha mgongoni, karibu na mkia, kilikuwapo.

Kwetu samaki wa kituo cha kuzalishia hukatwa kipezi hicho kabla ya kuachiwa, na hao ndio wa kuliwa. Mwenye kipezi ni mzaliwa wa mto, na hurudishwa bila hata kuinuliwa nje ya maji. Rex alikuwa ameshafika, akihema. Alikiona kipezi, na huzuni aliyoionyesha haikufika machoni.

"Mwachie, mkwe. Pole. Nitaleta wangu basi."

Shangazi alichomoa ndoano, akamshika mkia hadi alipopata nguvu, akamwacha aende. Kisha akapangusa mikono kwenye koti na kurusha tena. Wateja wawili wa Seattle walitazamana. Taratibu, kwa heshima, walitoka katikati ya mto waliolipia, wakaja kusimama ukingoni karibu naye. Rex akabaki ameduwaa kati ya kazi yake na watu wake.

Samaki wa pili alikuja kabla ya mchana. Alikuwa mwembamba kama mkanda, mweusi kidogo, ameishi mtoni muda mrefu. Hakupigana sana. Kipezi hakikuwapo. Shangazi alimpiga kwa jiwe mara moja, akamfunga kwa gazeti.

"Huyo ni wa paka," alisema Rex.

"Ni wa upande wangu," alisema shangazi.

Harusini walikuja watu mia na ishirini. Rex alileta sanduku la barafu lililojaa, likakaa nyuma ya gari lake, kifuniko wazi kidogo, tayari kuokoa jahazi. Shangazi alikuwa amemkausha samaki wake kwa moshi wa alda, akamchambua, akamponda na jibini laini, vitunguu na limau, akampaka juu ya biskuti za chumvi. Kila mgeni biskuti moja. Alizunguka nazo mwenyewe, akiwahesabu kama abiria wa basi, na kila mzee wa bonde alitafuna, akakubali kwa kichwa, akasema desturi imetimia.

Rex alikula yake, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani.

"Moja moja, mkwe," alisema shangazi, akapita.

Samaki wa Rex walirudi kwake na barafu yao.

Wiki iliyofuata nilipita darajani nikienda kazini. Rex alikuwa mtoni peke yake, mapema, kabla ya wateja. Alikuwa amevaa suruali ile ya tabaka nyingi, makoti yote mawili, fulana, miwani, na fimbo ya kutembelea ikining'inia kiunoni. Alikuwa amesimama juu ya mchanga, hatua mbili kutoka ukingoni, makini asiguse maji, boya lake likielea hatua chache mbele yake. Suruali ilikuwa imelowa manyunyu ya mvua tu. Alinitazama, nikamtazama. Nilimpungia mkono, naye akaanza kunieleza, kutoka chini kule, habari za mvua.