Fundi Bati wa Ifakara na Korongo wa Mama Haruko

Saa moja asubuhi, kabla hajawasha jiko la mkaa la kulehemia, Evodius Lipangile ananawa mikono, anaikausha, kisha anashusha rafuni chombo cha maua cha shaba. Anakipapasa chote, taratibu. Wateja wa ndoo watangoja.

Fundi huyu wa bati, mwenye umri wa miaka 58, amefanya hivyo kila siku kwa miaka tisa. Na chombo si chake. Ni cha Mama Haruko, mtaalamu wa mpunga kutoka Japani aliyekuwa akifanya kazi kijijini Mchombe, katika bonde hili la mpunga. Alikileta kizibwe tundu kitakoni. Kilikuwa cheusi tii, na ubavuni wametokeza korongo wawili wa nakshi katikati ya matete.

Evodius aliziba tundu. Angeishia hapo, leo tusingekuwa na habari. Lakini kwa mafundi wa bonde hili, kumrudishia mtu chombo cheusi ni aibu. Akakisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa kama sufuria ya harusi.

"Nilijua atafurahi," anasema. "Akakipokea, nikaona machozi. Kumbe ule weusi ndio urembo wenyewe, na marehemu mama yake aliutunza miaka arobaini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ndugu yangu."

Mama Haruko hakugomba. Alimwambia shaba huiva tena kwa kushikwashikwa na mikono, ila polepole. Akamwachia chombo, akaahidi kurudi kukichukua kikishaiva.

Ndoo za plastiki zimemuulia Evodius soko. Kwa wiki huuza mabeseni mawili, matatu. Mara mbili wametokea watu wakitaka kukinunua chombo, akawakatalia.

"Cha mtu ni cha mtu," anasema mkewe, Sikitu. "Ila namwambia, mke mwenzangu wa shaba anashikwa kuliko mimi."

Sasa kimekolea, kinakaribia weusi wake wa zamani. Mwezi uliopita ikaja simu ya binti wa Mama Haruko, aliyewahi kuishi na mama yake Mchombe. Alisema mama yake yu hai, ila macho yamekwisha, haoni tena.

"Miaka tisa nangoja rangi irudi, macho yake hayakuweza kuningoja," anasema Evodius. "Nimemkumbuka mno mama yule."

Binti huyo atakuja mwezi wa nane kukichukua. Evodius hana uwezo wa kwenda naye Japani, ila ana maagizo.

"Nitamwambia amwekee mama yake mikononi, asimwambie ni nini. Vidole vyake vitawakuta korongo wote wawili. Wapo. Sikuwafuta."