Wimbo Ulioitwa Nusu

Mhakiki wa gazeti aliandika kwamba albamu mpya ya mwimbaji wetu ina sauti nzuri na uvivu mwingi. Kilichotuuma zaidi ni alichosema kuhusu wimbo wa tatu: mwimbaji anauliza swali, kisha ananyamaza na ngoma inabaki peke yake, kana kwamba maneno yalimwishia studio. Akauita wimbo nusu.

Mwimbaji huyo ni wa Kibera. Kundi letu la mashabiki kwenye WhatsApp lilimtukana mhakiki asubuhi nzima, kuanzia uso hadi viatu. Kiongozi wetu ni dada anayeuza viatu vya mitumba Soko la Toi, kwa hiyo matusi ya viatu yalikuwa ya kitaalamu. Ndiye aliyeniita kutoka Kawangware.

"Wewe ndio uko na digrii," aliniambia nilipofika. "Mjibu huyo mzee. Lakini usimwandikie thesis."

"Na nikikosea?"

"Utakosea aje na tuko wengi?"

Wingi huo ndio uliokuwa ukinitisha. Mhakiki alikuwa amesema pia kwamba wimbo wa mwisho unachosha, na mimi nilikubaliana naye. Nikiliandika hilo, kundi lingeniona msaliti. Nikilificha, ningekuwa natetea kitu nisichokiamini, na hofu zangu zilikuwa tayari zinatosha bila hiyo.

Dada akaweka albamu kwenye spika yake. Wimbo wa tatu ulipofika pale pa swali, "Nani amefika?", aliyekuwa akipanga jinzi kibanda cha pili akaitikia, "Tumefika," bila kuinua kichwa. Muuza mashati akaitikia. Hata mteja mwenye kiatu mguu mmoja aliitikia. Kanisani kwetu huimbwa vivyo hivyo: kiongozi anatupa mstari, watu wanajibu. Pengo lilikuwa letu. Mhakiki aliusikiliza wimbo peke yake, na sisi tulikuwa tumezoea mno kuitikia hata hatukukumbuka kumweleza. Tulimpa matusi tu.

Nikaandika hayo kwenye simu, albamu ikiendelea kucheza, kabla akili yangu haijaanza kuyachambua. Mwishoni nikaongeza kwamba kuhusu wimbo wa mwisho, yuko sawa.

Dada alisoma juu ya bega langu, kisha akaichukua simu. "Hiyo toa. Ukimpa moja atabeba zote."

"Nikimnyima hiyo, ataamini aje ile ya wimbo wa tatu?"

"Nani amesema ni ukweli wa mwisho unachosha?"

"Wewe. Huo wimbo wa mwisho ulipoanza sasa hivi, uliuruka."

Akatazama spika, ambayo ilikuwa imerudia wimbo wa kwanza. "Kulikuwa na customer," akasema.

"Customer alikuwa ameenda."

Muuza mashati alicheka. Dada hakucheka, ila alinirudishia simu. "Tuma. Weka jina lako, sio la kundi. Mimi sijaona kitu."

Kwa kawaida mimi husoma barua pepe hadi herufi zinaanza kunishuku. Hiyo niliisoma mara moja, nikaweka jina langu lote, nikatuma.

Gazeti lilipoichapa, watu kadhaa kwenye kundi waliniita kibaraka. Mmoja alitaka niondolewe. Nilianza kuandika maelezo marefu, nikayafuta. Kisha nikaandika: "Wimbo wa tatu nimeutetea. Wa mwisho anayeupenda aandike barua yake, nitamsaidia kuihariri."

Hakuna aliyejitokeza. Dada alituma picha ya viatu vipya vilivyofika, na mazungumzo yakahamia bei.